Pakiti Iliyosubiri Pasaka

Nesi wetu wa uzazi wa mpango hapa mjini Debre Birhan ana kidole kimoja kinachofanya kazi kuliko vyote. Hukigonga kwenye pakiti ya vidonge, kidonge baada ya kidonge, na kupitia mlango ulio wazi sauti yake hutufikia hadi nje kwenye foleni, tulikojitanda shuka kwa baridi. "Kila siku, mama! Si siku ukikumbuka!" Kisha hulivuta chini koti lake jeupe, maana siku hizi linampandapanda.

Juzi aliingia Yeshimebet, mke wa fundi viatu, na mimba ya miezi minne.

"Vidonge uliacha lini?"

"Mfungo mkuu wa kanisa letu ulipoanza, Sista. Siku hamsini na tano nyama haiguswi, mume haguswi. Nimeze vya nini?"

"Ukapanga kurudia lini?"

"Pasaka yenyewe."

"Vinataka siku saba ndipo vikulinde! Mumeo angesubiri siku saba?"

"Yule? Hakusubiri hata kuku wa Pasaka aive."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nesi hakucheka. Kidole chake kilibaki hewani, kikashuka taratibu mpaka kwenye koti lake, pale tumboni, ambapo kifungo kilikuwa kimekatika ukabaki uzi tu. Yeshimebet akautazama ule uzi, kisha akamtazama usoni.

"Yesu wangu! Na wewe, Sista?"

Nesi akalivuta koti chini.

"Kwetu," alisema, "angalau kuku alikuwa ameshaiva."