Msiba wa Babu wa Mlimani Uliofunga Duka la Vitenge

Krrrrr mpaka ukagonga sakafu: mlio wa mlango wa bati ukivutwa chini ninausikia mpaka leo, na aibu yake ninaijua mwenyewe, kwa sababu duka la vitenge la Mama Eligi, Kariakoo, halifungwi saa tano asubuhi labda pawe na kifo, na siku ile kifo kilikuwa kwenye simu yangu.

Mimi ni msomaji wa riwaya za Kichina za mtandaoni (simu inazitafsiri kwa Kiswahili cha kupinda, nakinyoosha mwenyewe), na Mama Eligi, bosi wangu, alishaniambia akinikuta tena na simu wakati wa kazi, safari ya Magomeni kwetu, nisirudi. Basi asubuhi ile wateja hawapo, nikasema nisome sura moja tu, na ndani ya hiyo sura moja wakamuua mzee wa mlimani, yule aliyemwokota binti yatima anayechekwa na kila mtu kwa kukosa nguvu, akammiminia nguvu zake zote mpaka mwenyewe akawa hawezi kunyanyua hata kikombe. Nililia, jamani. Nililia na kamasi, nimekumbatia jora la kitenge.

Mama Eligi akanikuta hivyo, akauliza kama nimepata taarifa ya msiba. Nikisema kweli, kazi imeenda. Nikatikisa kichwa kukubali. (Kingekuwa cha kuazima kichwa hiki, ningekirudisha.) Akauliza nani, nikasema babu.

Mlango ukashuka. Bi Salma, Mwarabu wetu wa duka la udi la jirani, akaja na mkeka na wenzake watatu wamejitanda khanga. Mama Eligi ni Mchagga, kwao marehemu hazikwi mpaka afikishwe nyumbani, kwa hiyo tayari alikuwa anapiga simu kutafuta gari la kusafirisha mwili. Bi Salma akamwambia huyu mtoto ni Mwislamu, babu anazikwa leo leo, wanaume watangulie makaburini sasa hivi. Wakabishana weee, kisha wote wakanigeukia.

"Mwanangu, babu anazikwa wapi?" akauliza Mama Eligi.

Nikawafikiria wanaume wa watu na majembe, wanamchimbia kaburi mtu wa kwenye simu. Nikashindwa.

"Mlimani, China. Ni babu wa kwenye hadithi, mama. Nisameheni."

Mama Eligi akanyoosha mkono, nikajua nafukuzwa, kumbe anataka simu. Akaitazama, akanirudishia.

"Nani kamuua?"

"Mwanafunzi wake mkubwa. Aliyemlea tangu mtoto."

"Na huyo mshenzi yuko hai?" akauliza Bi Salma, akikaa vizuri mkekani.

Nikasoma. Sauti bado ina kilio, nikasoma binti anavyopanda ngazi za mlima peke yake, wale waliomcheka wanajibanza pembeni, na alipomwangusha yule msaliti kwa pigo moja, mama zangu wakapiga vigelegele, msibani, mlango umefungwa, na nje majirani waliokuja kutoa pole wakabaki wanatazamana.

Sikufukuzwa. Siku hizi kila baada ya alasiri tukikunja vitenge ninasoma kwa sauti, na wapo wateja wanaokuja na vigoda vyao. Ila kukubali kwa kichwa jambo ambalo mdomo unaogopa kulisema, nimekoma, maana nilizunguka safu yote ya maduka kuomba radhi, mlango kwa mlango, macho chini.

Jioni ile walipoondoka wote, nilibaki kufagia. Nikaegemeza ufagio, nikasimama katikati ya duka, nikafumbata ngumi kiganjani kama wanavyofanya watu wa mlimani kule wakimpa mwalimu heshima, nikamwinamia mzee.