Mama kawapikia wafadhili pilau ya posa

Leo Mama kawapikia maafisa wa mfuko wa ufadhili pilau ya posa.

Kosa ni langu.

Niliomba fedha za bajaji ya umeme, ya kuwabeba wajawazito kutoka vijijini hadi hospitali ya Mchukwi. Jana wakanipigia kwamba wanakuja nyumbani. Nikamwambia Mama juujuu tu, "Kesho nina wageni, wanakuja kuniona."

Nina miaka thelathini na nne, sijaolewa.

Mama hakuuliza zaidi.

Nafika nao nyumbani, mkeka mpya umetandikwa barazani. Shangazi kajifukiza udi. Mjomba kavaa kanzu.

Mjomba akakohoa. "Karibuni. Semeni haja yenu kwa binti yetu."

Mmoja wa maafisa, dada wa makamo, akajibu kwa upole, "Tumekuja kujua kama familia inamwamini."

Ikabidi niseme ukweli wote, macho chini.

Mama akaliangalia sinia la pilau. Nikajua nimemvunja moyo.

Kisha akamgeukia yule dada.

"Huyu nilimzaa njiani, hatujafika hospitali. Mjomba wake hapa ndiye alikuwa ananisukuma kwenye baiskeli. Mpeni hiyo bajaji. Mume atakuja kwa wakati wake."

Mjomba akavua kofia, akafuta macho.

Jibu la maombi bado. Pilau imeisha.

Na mimi kwenye fomu yao nimeandika nilizaliwa hospitali. Ndivyo nilivyojua hadi leo.

Nyie mama zenu waliwazaa wapi? Mmeshawahi kuwauliza?