Miti ya Muhogo Niliyoichoma

Siku ile naikumbuka mpaka harufu ya udongo wake, mwanangu. Nilikuwa kijana kama wewe, nina mke, Furaha, na binti mmoja, Neema, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea. Kwetu Mwenga, kule Kivu ya Kusini, vita vilikuwa vimeleta majeshi ya nchi jirani, na kila jeshi lilikuwa na kundi lake la Wakongo lililoliita rafiki. Siku hiyo nilishika jembe, nikaingia kwenye shamba la muhogo la mama yangu, nikaanza kung'oa. Chini ya muhogo kulikuwa na koltani, yale mawe meusi ambayo wazungu wanayatia ndani ya simu.

Bei yake ilikuwa imepanda huko Ulaya, na ndege ndogo ilikuwa ikija kila juma kuyachukua. Kamanda wa wageni aliniita ndugu. Aliniagizia bia. Kichwa kilinivimba, sikudanganyi.

Mama alikuja akasimama pembeni ya shamba. "Ng'oa upande moja, ule mwingine uache," akasema. "Siku ya njala tutaenda kuomba mbegu kwa nani? Utapika ile majiwe?"

"Mama, hii vita iko na marafiki bakubwa," nikamjibu. "Unga banaleta na ndege."

Ujue, kwetu miti ya muhogo haiuzwi. Jirani akija na panga, unamkatia, anakwenda kupanda, na mwakani huenda wewe ndiye utakayebisha kwake. Mimi ile miti niliichoma, nikawapikia wachimbaji maharage. Na mlima mzima ulifanya vilevile, maana nani angebaki analima huku wenzake wananunua redio? Nilikuwa mjinga, na wajinga wenzangu walikuwa wengi.

Kisha ndege ikaacha kuja. Nilimfuata kamanda nimuulize kulikoni. "Bei imeanguka," akasema bila kunitazama. Nikauliza imeanguka wapi. "Ulaya." Juma lilelile huyo ndugu yangu wa bia akapakia vitu vyake. Kumbe jeshi lake na la nchi nyingine, waliokuja kwetu wameshikana mikono, walikuwa wameanza kupigana risasi wao kwa wao, tena ndani ya nchi yetu! Barabara ya unga na chumvi ikafungwa. Nyumbani nilikuwa na gunia zima la mawe, na hakuna aliyelitaka hata bure.

Mimi na Furaha tulipita kijiji kwa kijiji tukiomba miti ya muhogo. Kila tulikofika tulikuta mashimo. Neema akavimba miguu, nywele zikawa nyekundu, ule ugonjwa wa njaa tunaouita bwaki. Muhogo hata ukiupanda leo, unangoja karibu mwaka. Yeye hakuweza kungoja. Tulimzika pembeni ya shamba lile. Mpaka leo natamani mama angenitukana.

Tulipokimbilia huku kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tuliandikishwa Kabazana, wanakopokea wageni, kisha tukapewa kiwanja hapa kijiji cha Kashojwa. Siku ya pili jirani mmoja, mama wa Kirundi, alikuja na fimbo za muhogo begani. "Hizi za kuanzia," akasema. Jina langu alikuwa hata halijui. Nililia mbele yake kama mtoto, akadhani nina kichaa.

Sasa Jumapili, tulipotoka kanisani, nimekuona na yule bwana wa mjini Mbarara mwenye viatu safi. Anachowaambia vijana nakijua: vita vipya, marafiki wenye nguvu, dhahabu. Na wewe unachekelea kwamba dhahabu imepanda duniani! Nimekukasirikia, sitakuficha. Huyo rafiki mkubwa anapenda kilicho chini ya miguu yako. Siku atakapokipata kwa bei nafuu fasi nyingine, atapakia vitu vyake kama yule wangu. Na hizo nchi zinazosaidiana leo zitagombana kesho, na zitagombania kwetu kule, kwenye udongo wa mama yako.

Usiende naye vitani, mwanangu. Lima hapa, au kauze nyanya Mbarara, hakuna atakayekucheka. Mtu akikuletea habari za bei ya mbali, kwanza tazama chungu cha nyumbani kwako kinapika nini, na hicho usimpe mtu yeyote hata akuite ndugu. Na jirani akija na panga kuomba miti ya muhogo, mkatie, tena mkatie ya kutosha.

Mwaka jana mtu aliyetoka Mwenga aliniambia wachimbaji wamerudi. Shamba letu wamelichimba lote, mpaka pale pembeni alikolala Neema. Sikumuuliza zaidi, na Furaha sijamwambia.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe mke mwema na watoto, na watoto hao ndio wakuzike wewe.