Kiti Kando ya Kitanda

Siku ile niliyoketi wodini naikumbuka vizuri sana, mwanangu, na nitakusimulia yote, ila kwanza weka hizo karatasi zako chini unywe chai. Umekuja ukilalamika kwamba wazee wa wodi yako hawasemi kitu. Ati kila ukiwauliza wanajibu "sawa tu," na mwalimu wako anangoja utafiti. Usijali. Mimi pia walinijibu hivyo hivyo, na nilikuwa mrembo kuliko wewe.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa muuguzi kijana katika hospitali moja hapa Kisumu, wodi ya wanawake. Nilikuwa nimeolewa, tunaishi mtaa wa Manyatta, mimba yangu ya kwanza imeanza kuonekana, na miguu inavimba mpaka viatu vinakataa kuingia. Wauguzi tulikuwa wachache mno. Na matroni wetu, Sista Rosebela, alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: muuguzi haketi wodini. Ukiketi wewe ni mvivu, basi. Hata kalamu ikikuponyoka uliiokota mbio, asije akafikiri unapumzika.

Ndipo akaja mwalimu mmoja wa uuguzi kutoka Nairobi, mama mpole mwenye miwani, anatafiti jinsi wazee wanavyotunzwa hospitalini. Alitaka kujua wanalalaje, wanakulaje, wanaumwa wapi, nani anawajali. Dholuo, lugha ya wazee wetu, hakujua, kwa hiyo akaniomba nimsaidie kuwauliza. Wee! Nilijiona mtu mkubwa. Nikapita kitanda kwa kitanda, karatasi mkononi, nimesimama wima. "Dani, unalala vizuri?" Maana bibi tunamwita dani, si unajua. Vizuri. "Unakula?" Nakula. "Kuna mahali panauma?" Hapana, mwanangu, Mungu ni mwema. Wodi nzima haikuwa na mgonjwa! Ungedhani walikuja kutembea tu.

Mwalimu alisoma yale majibu, akavua miwani, akasema, "Sista, hawa wazee wana raha kuliko mimi." Tulicheka, lakini niliona hajaridhika.

Sasa, kwenye kitanda cha mwisho, kile cha dirishani, alilala Dani Trufosa. Alikuwa mama mzee wa upande wa Awasi, ameanguka shambani akavunjika nyonga, na mguu wake umefungwa uzito wa kuuvuta ili mfupa ushike. Hakuweza kwenda popote. Lakini mdomo! Mdomo ulitembea wodi yote. Mimi aliniita nyieka, mke mwenza, vile bibi zetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na kila asubuhi aliniuliza kama mume wetu amerudi nyumbani jana au amelala kwa wengine. Nilimpenda sana yule mzee. Niliingia zamu nikimtafuta yeye kwanza.

Kisha akaanza kunyamaza. Homa ikampanda. Daktari akasema malaria, tukampa dawa ya malaria, homa ikakaa pale pale. Uji akawa anaonja tu kwa heshima. Kila siku nilimuuliza, "Dani, wapi panauma?" na kila siku akanijibu hakuna, nenda kwa wagonjwa. Nikitaka kumwosha mgongo alikataa, ataoshwa na binti yake akija. Na binti yake alikuja mara moja moja, na tangu homa ianze hakuwa amefika, nauli ilikuwa shida. Kusema kweli, mwanangu, na uchovu ule, mgonjwa akikuambia mwache, unashukuru Mungu unamwacha. Lakini nikifika nyumbani silali. Niliona wazi Dani anatutoka, na sijui anakufa kwa ugonjwa gani.

Alasiri moja jua liliingia wodini likatukausha. Sikuwa nimekula tangu chai ya asubuhi. Nilifika kwa Dani na maswali yangu yale yale, nikafungua mdomo, na wodi ikaanza kuzunguka. Nikashika chuma cha kitanda. Kando palikuwa na kiti cha wageni, nikajikuta nimekikalia, jasho linanitoka. Dani alinitazama, akangoja pumzi yangu itulie. Akanisukumia kikombe chake cha uji, nami nikanywa uji wa mgonjwa bila aibu yoyote.

Ndipo akasema, "Sasa umefika, nyieka."

Nikamwambia, "Dani, mimi niko hapa kila siku."

"Hujawahi kufika. Ulikuwa unapita." Akavuta pumzi. "Mgongo wangu umeoza."

Nilimwinua kidogo upande mmoja nikaangalia. Mungu wangu. Kidonda cha kulala, kirefu kuingia ndani, chini kabisa ya mgongo, na harufu ambayo kwa siku zote hizo nilidhani ni ya wodi. Homa yote ilitoka pale. Nililia pale pale, mwanangu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, na mimi nimeuliza mpaka nimechoka.

Hakunikemea kwa ukali. Alisema polepole, maana nguvu hakuwa nazo. "Kwenu mgeni akisimama mlangoni, mnampigia mayowe ya msiba akiwa amesimama? Si mnampa kiti? Si mnampa maji? Akishaketi ndipo anaambiwa kilichotokea. Wewe hukuketi hata siku moja. Ukiniuliza hali, mguu mmoja tayari uko kwa jirani. Halafu nakutazama uso. Nasema, mtoto huyu amebeba mimba, amebeba na wodi. Nikimwongezea mgongo wangu, ataanguka. Nikaona afadhali nisubiri tu."

Unasikia hapo? Mgonjwa alikuwa ananihurumia mimi. Aliuficha mgongo wake uoze ili nisichoke zaidi. Na wale wengine wote waliojibu "vizuri" walikuwa wanafanya hivyo hivyo, kwa adabu walizofunzwa na mama zao. Sisi tukaandika kwamba wana raha.

Nikiwa bado kwenye kile kiti, kamasi na machozi, nani anaingia? Sista Rosebela. "Sista! Umeketi?" Nilijaribu kusimama, kizunguzungu kikanirudisha kitini. Nikajua kazi imeisha.

Dani akainua mkono. "Nyar Sondu," yaani binti wa Sondu, akamwita kwa jina la kwao alikozaliwa, vile wanawake wazima wanavyoitana, "mimi ndiye niliyemkalisha. Njoo uone."

Matroni alikuja akaona. Uso wake ulibadilika. Akamwita daktari kwa sauti niliyoisikia mpaka kwenye mifupa, akaagiza maji ya chumvi na bandeji, akanawa, akakisafisha kidonda mwenyewe, polepole, huku anamwambia Dani pole, pole mama, pole. Alipomaliza, Dani akamwambia, "Haya, na wewe keti." Mwanangu, hatukuwahi kumwona yule mama ameketi. Tulidhani amezaliwa amesimama. Aliangalia huku na huku, akakaa pembeni ya kitanda. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mgongo wangu pia unaniuma, Dani. Mwaka mzima sasa."

Mama wa kitanda cha pili akainua kichwa. "Sista, ukitoka hapo, mimi pia nina neno." Na wa tatu naye. Wodi nzima ikafunguka jioni ile.

Mwalimu wa Nairobi nilipomweleza alicheka mpaka akapangusa macho, akasema tuanze upya. Tukaanza upya na viti. Na safari hii aliongeza maswali yetu sisi wauguzi: tunakula saa ngapi, tunalala vipi, nani anatuuliza hali. Hilo la mwisho lilimshinda kila mmoja wetu kujibu. Sista Rosebela naye hakutangaza lolote, hakuwa mtu wa kujishusha hadharani. Ila tuliona viti vimeletwa wodini, na tukaanza kupeana zamu ya kunywa uji. Kelele zake ziliendelea, usidhani alikuwa malaika.

Dani Trufosa tulimgeuza usiku na mchana, kidonda kikajaa nyama mpya polepole. Alirudi Awasi akitembelea fimbo, anaitukana barabara kwa mashimo yake.

Basi nisikilize. Mzee ukimuuliza umesimama, atakujibu kwa adabu, na adabu yake inaweza kumuua. Vuta kiti. Mwache akuone umefika. Usimuulize yote siku moja, mwulize kwanza habari za kwao. Na kabla ya hapo kula, ulale, umwambie mkubwa wako umechoka, kwa sababu uso wako ukichoka wagonjwa wako wananyamaza. Kujitunza si kuwaibia wagonjwa. Yeyote atakayekuambia hivyo, mlete kwangu.

Na wewe ulipoingia hapa nilikuuliza unaendeleaje, ukanijibu "niko sawa, Mama." Jibu hilo nalijua, nililiandika kwa wodi nzima. Chai bado iko ndani ya birika, na sina mahali pa kwenda. Mungu akupe mikono laini na miguu yenye nguvu, wazee wakuambie ukweli wakiwa bado wanaweza kupona, na wewe pia usikose wa kukuketisha. Haya, mwanangu. Sema.