Fundi Wilkista na uso wa Vinny kwenye TV ya jirani

Saa nne asubuhi, katika kambi ya wafanyakazi wa majani chai pembeni mwa Boito, Wilkista Aluoch anauma betri. Ameitoa kwenye rimoti, ameitia jino, ameirudisha. Anaielekeza rimoti kwenye TV na kubonyeza. Wapi! Anatoa betri ya pili, nayo anaiuma.

"Si uamke basi!" anaifokea TV, kisha anakumbuka kuna jeneza nyuma yake, anaziba mdomo.

Ndani ya jeneza hilo amelala mzee Phelix Ouko, aliyelisha kuni boila ya kiwanda cha chai mpaka nywele zikawa nyeupe. Leo anaagwa na majirani wa kambi, kisha gari litampeleka kwao Nyakach, azikwe kesho. Watu waliotoka upande wa ziwa ndivyo wafanyavyo hapa. Mtu haondoki kambini kama gunia. Husimamishwa mbele ya mlango alioishi, na wanawe husema neno, wote wasikie.

Mzee Ouko ana mtoto mmoja tu, binti yake Vinny. Yuko Qatar akilea watoto wa watu, na bosi wake amemnyima ruhusa ya kuja.

"Shangazi zake wanasema amekataa kumzika baba yake," anasema Molly, mjane wa marehemu. "Wamwone kwa macho yao, hata kama ni kwa simu ya video. Wakimwona watanyamaza."

Ndiyo sababu Wilkista ameitwa kutoka Kaplong, alipo na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta. Wikendi huunganisha laptopu yake na TV kubwa makanisani, harusini na misibani, ili yeye aendeshe mambo kwenye kioo kidogo na watu waone kwenye kikubwa. Harusi anatoza elfu tatu. Msiba, nauli tu.

"Sasa mtu analia, nimwambie alipe?" anauliza.

Ana miaka thelathini na minne na hajui kukaa. Hata chai huinywa akiwa amesimama. Alizaliwa kambi kama hii, ambako baba yake alikuwa karani wa kupima majani, na akiwa darasa la nne alifungua mzani wa kazini kuona kilicho ndani. Alichapwa, lakini mzani aliurudisha ukafanya kazi.

TV ya leo ni ya jirani, Mama Wahu, mwenye duka. Ameitoa sebuleni na meza yake, na kitambaa chake cheupe cha kufuma amekizungusha kwenye miguu ya TV. Kimefuliwa, kikatiwa wanga, kingo zikasimama kama kola ya mchungaji.

"TV yangu siwezi kuitoa uchi mbele ya marehemu," anasema Mama Wahu. "Hiyo ni heshima kidogo tu."

Heshima ipo, picha ndiyo haipo. TV imewaka ikitafuta antena, inaonyesha chenga tupu. Kuiambia iache antena ifuate waya wa laptopu kunahitaji rimoti, maana vitufe vya nyuma vilikufa siku radi ilipopiga kambi. Wilkista amechomoa waya akauchomeka tena. Amebadilisha waya. Amezima laptopu na kuiwasha. Laptopu inasema kabisa kwamba imeona kioo cha pili, na ameiamuru vioo vyote viwili vionyeshe kitu kimoja. Kwenye mkoba ana rimoti yake mwenyewe, ile inayokubali TV za kila aina. Nayo imegoma.

"Laptopu inaiona TV. TV haitaki kusikia," anasema, akizunguka meza mara ya ngapi sijui. "Sasa nimchape nani?"

Mbuthia, dereva aliyetoka Kericho mjini na gari la maiti, anaangalia mawingu. Huku kwenye chai mvua haiulizi mtu, ikifika mchana imefika.

"Fundi, hiyo barabara ya murram ikilowa mimi sishuki na mzee wa watu," anasema. "Si huyo msichana aonekane kwa simu ya mkononi tumalize?"

"Apitishwe mkono kwa mkono kama picha ya kitambulisho?" Molly anamjia juu. "Yawa! Hawa watu wote wataonaje?"

Laptopu inalia. Ni Vinny. Uso wake uko kwenye kioo kidogo, anaongea kwa kunong'ona.

"Sister Wilkista, niko tayari. Bosi amenipa mpaka arudi na watoto kutoka dukani. Baba yuko wapi? Sioni watu."

"Wapo, mami. Ngoja kidogo tu."

Wilkista anaielekeza rimoti tena kwenye TV. Kidole kinabonyeza bila kuacha, kwa hasira. Kwenye viti vya mbele shangazi wanaangaliana. Mmoja anatikisa kichwa, na Molly anamwona.

Hapo ndipo mjane anashindwa. Machozi yanamtoka na hana leso. Anapapasa mezani, anakamata kile kitambaa, anakivuta chote na kujifutia uso.

Picha inaruka. Chenga zinakatika, na uso wa Vinny unakijaza kioo kikubwa mbele ya nyumba ya baba yake.

"Ngai! Kitambaa changu!" Mama Wahu anapiga kelele.

Wilkista anainama. Chini ya kioo, pale ule ukingo wenye wanga ulipokuwa umesimama, kuna kidoa cheusi. Ni jicho la TV, lile linalopokea rimoti.

"Lilikuwa limefunikwa," anasema, na kicheko kinamtoka bila ruhusa. "Asubuhi nzima nauma betri za watu bure!"

Lakini hakuna anayemsikiliza. Vinny anaongea.

"Baba, sikukataa. Niliomba nikapiga magoti. Nisamehe, baba. Mama, usinyamaze wakikuuliza, waambie nilipiga magoti."

Yule shangazi aliyetikisa kichwa anainuka. Anaenda mpaka kwenye TV na kushika shavu la Vinny kwenye kioo.

"Mtoto wetu amekonda," anasema, na analia kwa sauti.

Matone ya kwanza yanaanguka. Mbuthia anapiga honi, jeneza linaingizwa, Molly anapanda na kitambaa bado mkononi. Watu wanakimbilia kusindikiza. Wilkista anageuka kukunja waya, na kumbe Vinny bado yuko pale, anaangalia viti vitupu.

"Wameshaenda?"

Wilkista anainyanyua laptopu na kuigeuza, kamera ikielekea barabarani. Pamoja wanalitazama gari likishuka katikati ya chai mpaka linapotea.

"Na kesho kaburini?" Vinny anauliza. "Nani atanibeba?"

Wilkista hakuwa amepanga kwenda Nyakach. Kesho alikuwa na kanisa Kaplong.

"Mimi," anasema.

Ndoto yake, anaeleza akifuta maji kwenye waya, ni kununua TV yake ya kutembea nayo, ifike popote palipo na msiba na mtoto wa mbali. Kwa leo anamwangalia Mama Wahu.

"Hebu niazime mpaka kesho jioni."

"Beba tu," Mama Wahu anajibu. "Lakini iende mpaka Nyakach bila kitambaa?"

"Kitambaa kimeshatangulia, mama."