Khadidja na roketi kumi na tisa zisizoruka

Saa mbili na nusu asubuhi, Quartier Asiatique, Bujumbura. Maduka ya vitambaa yameshafunguliwa na wabeba mizigo wameshaanza kugombana. Khadidja Shakuru ameketi nyuma ya meza yake ya kioo, anapaka poda ya mtoto mchanga kwenye parachuti ya plastiki isiyozidi upana wa sahani ya wali.

Anaipaka polepole, mbele na nyuma, kisha anaikunja. Usipoipaka poda, plastiki inagandana. Ikigandana haifunguki angani, na roketi inarudi ardhini kama jiwe.

Pembeni yake pana kipande cha mpira wa chupi alichonunua kwa fundi cherehani. Ile mipira iliyokuja ndani ya maboksi imezeeka, ukiigusa inakatika. Huu wa chupi, wa kuunganisha parachuti na roketi, unavutika vizuri. "Wazungu hawajui hii," anasema, bila kuinua macho.

Khadidja ana miaka hamsini na saba, ni mjane, mzaliwa wa Buyenzi. Anauza roketi. Si zile za vita, maana katika mji huu neno hilo linahitaji maelezo. Ni roketi za mchezo: bomba la karatasi ngumu, mapezi ya mbao nyepesi, pua ya plastiki na parachuti. Mtoto anazijenga mwenyewe kwa gundi na subira. Kinachozirusha ni moteri, kitu kidogo kama kidole, karatasi iliyoshindiliwa baruti. Ukiiwasha kwa waya na betri ya pikipiki, roketi inapanda mita mia mbili na zaidi, inafungua parachuti, na watoto wanaikimbilia.

Boksi moja, lenye vipande vya roketi moja, ni faranga laki moja na arobaini elfu. Ni karibu nusu ya mshahara wa mwalimu. Mwaka jana wote aliuza maboksi saba.

"Zamani saba ilikuwa ya siku moja," anasema. "Jumamosi, hata saa sita haijafika."

Zamani hiyo ilikuwa ya mumewe, Abdu. Alianza kama karani katika duka la vitu vya watoto, mwenye duka alipohama yeye akabaki na meza na wateja. Walikuwa watoto wa mabalozi, wa madaktari wa kigeni, wa wakubwa wa mashirika. Halafu zikaja klabu za shule. Watoto wa mji nao wakaanza kujenga, wawili watatu wakichangia boksi moja. Moteri zilikuja kwa lori, ndani ya makasha yenye karatasi zote za ruhusa.

Mwaka 2015 mji ulipoharibika kwa maandamano na risasi, wageni walifunga mizigo. Klabu zikafa moja baada ya nyingine. Kisha wasafirishaji wakakataa kabisa kubeba kitu chochote chenye baruti, hata kiwe kidogo kama kidole. Kisha dola zikaadimika. Mwisho yule mfanyabiashara wa Dubai aliyewauzia maboksi akaandika ujumbe kwamba siku hizi watu wanataka droni, roketi ameziacha. Anayezitaka azinunue kwenye mtandao, kwa kadi ya benki. Khadidja hana kadi, na benki yake haina dola.

Abdu alifariki mwaka 2017. Alimwachia maboksi, bati moja la maziwa ya unga lenye moteri kumi na tano, na wosia mmoja kuhusu hizo moteri: zisipate maji. Khadidja alimsikiliza. Bujumbura ni mji wa ziwa, unyevu unaingia hadi kwenye chumvi. Alilifunga lile bati kwa mpira, akalipandisha juu kabisa ya rafu, chini ya mabati ya paa, mahali pakavu kuliko pote dukani. Kila mwezi alipanda kwenye stuli kulifuta vumbi; maboksi aliyauza bila moteri.

Kumbe ndipo kosa lilipokuwa, lakini siku hii hajui.

Leo anaandaa roketi ya Jumamosi. Shule moja ya Kanyosha ina klabu ya wanafunzi thelathini na mmoja, ya mwisho anayoijua mjini. Mwalimu wao wa fizikia, Moïse, mkimbizi kutoka Uvira, amehangaika miezi mitatu kumshawishi mkurugenzi wa shule. Mkurugenzi amekubali hivi: aone roketi ikiruka kwa macho yake. Akiona, shule itachukua maboksi kumi kwa mwaka huu wa masomo. Asipoona, klabu inafungwa, watoto wapewe jembe la bustani ya shule.

"Ikiruka mi naendelea na duka," anasema Khadidja. "Isiporuka, sijui tena. Sina muteja mwengine."

Jirani yake Léocadie, mama wa Bukavu anayeuza makava ya simu, anamsikia na kuchungulia. Humwita kwa jina la roketi kwa Kifaransa.

"Mama Fuze, ukifika kule mwezini utuletee essence. Huku haiko."

"Leta bidoni yako," anajibu Khadidja.

Léocadie anacheka hadi anashika ukuta. Wiki mbili sasa mafuta hayaonekani mjini, na utani kama huo ndio pekee usiopanda bei.

Jumamosi, saa nne. Basi limewashusha Musaga kwa sababu dereva ameogopa tangi kukauka njiani. Khadidja na Moïse wanamalizia safari kwa miguu, yeye na lile bati kichwani, mwalimu na betri ya pikipiki mkononi, jua limeshachacha.

Uwanja wa shule umejaa. Wanafunzi wamevaa sare zilizopigwa pasi. Wazazi wapo, wauza karanga wapo, na majirani wamepanda juu ya ukuta. Barua ya kuwajulisha wakazi kwamba kutakuwa na moshi na mlio imebandikwa mtaani tangu Jumatatu. Mkurugenzi, Télesphore, mtu mrefu wa maneno machache, amesimama mbele kwa suti ya kijivu, mikono nyuma.

Khadidja anapiga goti kwenye nyasi. Anachana majani ya lengalenga, mchicha wa huku, na kuyashindilia ndani ya bomba, yakinge parachuti isiungue. Pamba yenyewe ya kazi hiyo iliisha zamani. Anaingiza moteri. Moïse anaunga waya. Wanafunzi wanahesabu kwa Kifaransa, kutoka kumi kurudi chini, sauti moja.

Kwenye sifuri hakukuwa na kupaa. Kulikuwa na mlio mmoja, mkavu, kama wa kitu ambacho watu wa Bujumbura wanakifahamu mno. Roketi ilipasuka pale pale chini, vipande vya karatasi vikaruka, moshi mweupe ukafunika waya.

Watoto walibaki wamesimama. Wengine walipiga makofi, wakidhani ndivyo inavyotakiwa. Waliolala chini ni watu wazima. Wazazi, wauza karanga, majirani wa ukutani, wote chini kwa wakati mmoja, bila kuambiana, nyuso kwenye vumbi. Mama mmoja alikuwa amemlalia mtoto wake. Naye mkurugenzi Télesphore alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi na suti yake ya kijivu, mikono juu ya kisogo, mbele ya wanafunzi wake wote.

Alibaki hivyo muda mrefu kuliko wengine. Msichana mmoja wa mstari wa mbele alianza kucheka. Moïse akamtazama, naye msichana akaacha kucheka.

Kisha mkurugenzi aliinuka. Alijipangusa magoti, kwanza moja, kisha la pili. Khadidja alikuwa bado amepiga goti, hakuthubutu kusimama kabla yake. Moïse akasogea, akaanza kueleza kwamba bati bado lina moteri nyingine, kwamba mara moja si hoja, wajaribu tena.

"Mwalimu, apana," alisema Télesphore, kwa sauti ya chini. Kisha akamgeukia Khadidja, na kwa adabu ileile: "Mama, mi sikukasirikii. Lakini hiki kitu kisirudi kwangu."

Akaenda ofisini kwake. Hakufunga mlango kwa nguvu. Ingekuwa afadhali angeufunga kwa nguvu, anasema Khadidja, mtu ajue pa kuanzia kuomba msamaha.

Jumatatu asubuhi Moïse anafika Asiatique akiwa na simu mkononi. Amemwandikia rafiki yake wa zamani wa Uvira anayeishi Ulaya, anayerusha roketi hizi kila mwisho wa wiki, na jibu limekuja. Hakai. Anamuuliza Khadidja bati lilikuwa linakaa wapi.

Khadidja anaonyesha juu, chini ya paa.

Moïse anaguna. Anaeleza kwa kurudiarudia, kama anavyoeleza darasani. Unyevu ni adui, kweli, lakini si huo peke yake. Chini ya bati la paa mchana ni tanuri, alfajiri ni baridi. Baruti inatanuka na kusinyaa, inatanuka na kusinyaa, mpaka inapasuka kwa ndani nyufa nyembamba zisizoonekana. Ukiiwasha, moto unaingia kwenye ufa, na baruti yote inawaka kwa mara moja badala ya kuungua pole pole.

"Kwa hiyo zote?" anauliza Khadidja.

"Hakuna mutu anaweza kujua, mama. Labda tatu ni nzima. Labda hakuna. Utaijua ile siku inapasuka."

Khadidja analivuta lile bati karibu. Mkono wake uko juu ya kifuniko cha bati, na mtu anaweza kuona anahesabu, ila si fedha. Anahesabu mara alizopanda kwenye ile stuli.

"Miaka yote hii mi nasema ninazitunza," anasema mwishowe. "Abdu aliniambia maji. Joto hakuniambia. Labda na yeye hakujua."

Moïse anamwambia kwamba klabu yake imefungwa rasmi, ameshasaini karatasi. Watoto kadhaa wanamfuata wakati wa mapumziko, nao wanarusha chupa za plastiki zenye maji, kwa pampu ya baiskeli. Zinapanda vizuri. Hazina baruti, hazina bei, na boksi halihitajiki. Anasema hivyo akitazama sakafu, maana anajua anamwambia nani.

"Ni vizuri," anasema Khadidja. "Wacha warushe."

Mwalimu akishaondoka, anaazima beseni kwa Léocadie, ambaye safari hii hana utani. Ndivyo yule rafiki wa Ulaya alivyoelekeza: zilowekwe, baruti ife. Khadidja anazitia moteri kumi na nne majini moja moja, akisema bismillahi kila mara, kama anayeosha kitu cha marehemu. Zinaelea kidogo, zinavimba, karatasi inafunguka. Kufikia adhuhuri maji ni meusi kama wino, naye anayamwaga mtaroni.

Mwenye jengo anataka jibu kabla ya mwezi kuisha, kama anabaki au anatoka. Léocadie amemwambia wagawane meza, yeye auze makava upande huu na Khadidja chaja upande ule. Khadidja hajakataa. Anasema anafikiri mpaka Ijumaa.

Maboksi kumi na tisa bado yako kwenye rafu. Hayo hatayatupa. Anasema pengine atapita baba mmoja na mtoto wake, mtoto aone ile picha ya roketi juu ya boksi na kumvuta baba mkono. Jambo hilo hutokea, si mara nyingi. Akiulizwa siku hiyo atamwambia nini huyo baba, analipangusa vumbi boksi moja.

"Sitamwambia kwamba inaruka," anasema. "Nitamwambia mutoto ataijenga, aiweke juu ya meza. Akiniuliza kama inaruka, nitamwambia apana."