Ushuru wa Cherehani Mpya

Niliporudi kutoka Zambia, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilijua sheria moja tu ya ushuru. Niliambiwa na mama mmoja niliyekuwa nikishona naye kwenye mji wa migodi ya shaba: anayerudi kwao moja kwa moja halipii vyombo vyake vilivyotumika. Kipya ndicho kinacholipiwa. Basi, nikasema, mimi wasiwasi wa nini? Cherehani yangu ya miguu niliikanyaga tangu nikiwa msichana.

Kosa nililifanya mwenyewe. Mtu harudi kwao na kitu kina vumbi, watu watasemaje? Nikaisugua kwa mafuta mpaka ikang'aa, nikaivika nailoni. Ilisafiri kwa treni, imefungwa kwa lakiri, ili ikaguliwe stesheni ya Shinyanga. Na hapo stesheni nani ananisubiri? Mjomba, kaka yake mama, katoka Masumbwe na koti la kuazima, kaja kupokea utajiri.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Godoro langu liko wapi?"

Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi. Kwa mjomba, huko Zambia fedha zilikuwa zinaokotwa njiani. Aliyerudi mikono mitupu alikuwa mvivu wa kuinama, basi.

Bwana ushuru, kijana mwenye suti ya mikono mifupi na kalamu mbili mfukoni, aliizunguka cherehani yangu. "Mama, hii ni mpya au imetumika?"

Sijafungua mdomo, mjomba akadakia. "Mpya! Chelehani mpya kabisa! Unadhani mwanetu anaweza kutuletea mkweche?"

Nilitamani ardhi ipasuke immeze yeye.

Kijana akaandika. Alipotaja kiasi cha ushuru nilicheka, maana nilikuwa nimebakiwa na nauli ya basi tu. Kisicholipiwa, akasema, kinawekwa bohari, baadaye kinapigwa mnada. Loo! Shamba sina, mume sina, na miaka ile hata kipande cha sabuni ulikuwa hukioni dukani, sembuse cherehani. Wangeichukua ile, ningekula nini?

Nikamvuta mjomba pembeni. Hasira sikuificha. "Mjomba, ukiendelea kunisifia nitakufa njaa. Rudi useme ni kuukuu."

Alinitazama kama niliyemwambia avue suruali. "Mbele ya watu wote hawa?"

Watu wote wenyewe walikuwa wapagazi wawili na mama mmoja mwenye kuku.

Lakini alirudi, na mjomba hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu. Aliichana nailoni, akapaza sauti: "Bwana mkubwa, nilikosea! Huyu ni fukara! Kaenda Zambia kaleta takataka! Hebu tazama hapa, na hapa..." Akainama kutafuta kasoro, na kasoro akaziona. Ubao ulikuwa umelika pale nilipozoea kuegemeza mkono. Kwenye kanyagio, maua ya chuma yalikuwa yamefutika kabisa mahali pa nyayo mbili. Mjomba akachuchumaa. Akapitisha kidole pale palipolainika.

"Hii ni miguu yako?" aliniuliza, sauti imeshuka.

"Yangu."

"Kila siku?"

"Kila siku, mjomba. Jumapili baada ya misa."

Kijana wa ushuru naye akainama, akatazama. Akafuta alichoandika, akagonga muhuri wa vyombo vilivyotumika. Nilimshukuru Mungu sana, na kijana kidogo.

Cherehani mjomba aliipandisha mwenyewe juu ya basi, wapagazi akawafukuza. Tulipoingia ndani, abiria mmoja wa kwetu alimtambua, akapiga kelele: "Mzee! Mwanenu katoka Zambia! Kaleta nini?"

Nikafumba macho, nikajiandaa kusikia godoro, ledio na chelehani mpya kabisa.

"Amechoka," mjomba alisema. "Mpisheni akae."